Niliwekewa lenzi jichoni, nikauona mwezi, nikala sikukuu peke yangu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Nimekaa barazani kwangu hapa Kibiti nimesoma ule uzi wenu wa chip za kichwani mpaka page ya mwisho. Naona mmegawanyika. Huyu anasema mtu akiwekewa chip ya kumbukumbu asikae chumba kimoja cha mtihani na wenzake, yule anasema huo ni wivu tu, mwingine kaleta habari za Dajali. Nimecheka. Halafu nikaacha kucheka.

Hayo mambo yamenikuta mimi. Sio chip, enzi zetu tulijua chipsi za viazi basi. Lakini niliwekewa kitu mwilini kikanifanya nione kuliko nilivyoumbwa, na watu wangu wakakaa kikao juu yangu.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Sina cha kuuza, sitafuti mchumba, na kwa umri huu sioni nitapata nini nikiwadanganya. Mwenye kuona hii ni chai apite kimya kimya, vijiwe vya chai viko vingi humu.

Halafu mniwie radhi kwa makosa ya kuandika. Herufi za simu nimezikuza mpaka yanaingia maneno matatu kwenye kioo, na miwani sijui mjukuu kaitupia wapi.

Twende.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu. Kwetu ni Mbwera, delta ya Rufiji. Kwa asiyepajua, ni visiwa na mito ya maji chumvi, mikoko kila upande, watu wanalima mpunga na kuvua. Ukitaka kumsalimia shangazi wa kijiji cha pili unapanda mtumbwi.

Nilikuwa fundi boti. Na kazi ilikuwa imefunguka haswa, maana wanunuzi wa kamba wa kula walikuwa wameanza kumiminika na majokofu yao, kila mwenye mtumbwi anataka boti ya kufunga mashine.

Jina langu Bakari. Rafiki yangu mkubwa naye Bakari. Huku kwetu mkiwa na jina moja mnaitana somo, na somo ni zaidi ya rafiki. Tuliitana hivyo tangu tunaoga uchi mtoni. Yeye mkulima wa mpunga, mpole, akiulizwa jambo anafikiri kwanza. Mimi domo. Nadhani ndiyo maana tulipatana.

Siku moja napigilia msumari kwenye ubao mgumu, kipande cha chuma kikakatika kikanirukia jicho la kulia. Maumivu yakaisha baada ya siku kadhaa, lakini ukungu ukaanza. Haukupita mwaka jicho likawa jeupe. Mtoto wa jicho. Ugonjwa wa wazee, na mimi nina miaka thelathini na kitu.

Jicho la kushoto nalo halikuwa la kujivunia. Tangu mdogo niliona vya karibu tu. Sikujua kwamba ni kasoro. Nilidhani kila binadamu akitazama ng'ambo ya mto anaona rojo la kijani, na wale wanaosema "naona kima pale juu" wanatania.

Aliyenizindua ni mzee Jivan, Mhindi mwenye duka la vifaa hapa Kibiti. Ndiko nilikokuwa nanunua misumari. Siku hiyo aliniona navyopapasa kaunta akaniambia, "Fundi, hilo jicho usilizike bado. Mimi langu walilifungua Bombay, wakaweka lenzi ndani. Siku hizi hata Dar wanafanya."

Nikamuuliza lenzi ndio nini.

Akashusha darubini moja kuukuu iliyokuwa inaning'inia dukani, akanigusisha kioo cha mbele. Akasema, "Kitu cha namna hii. Ila kidogo, plastiki, kinakaa ndani ya jicho mpaka unazikwa nacho."

Wakuu, lile neno darubini ningejua ningeliacha palepale dukani.

Sitawachosha na hospitali. Nilikwenda Dar, nikalazwa, wakanidunga sindano pembeni ya jicho, nikasikia watu wanaongea Kizungu juu ya uso wangu, ikaisha. Daktari akanieleza kwamba amenichagulia lenzi ya kuona mbali, vya karibu nitasaidiwa na miwani. Kesho yake wakaondoa kitambaa.

Naomba hapa niende taratibu kidogo.

Nje ya dirisha kulikuwa na mti wa mkungu. Nikaona majani. Sio mti, majani, moja moja, mengine yametobolewa na wadudu. Kwenye bati la jengo la pili kulikuwa na kunguru, na nikaona jicho la kunguru. Anga lilikuwa la buluu kali, utadhani limesuuzwa na ile buluu ya nguo nyeupe. Nikifumba la kulia nikatazama kwa kushoto, narudi kwenye rojo langu la siku zote.

Miaka yote ile nimeishi duniani sijaiona. Nililia mpaka nesi akanigombeza kwamba nitaharibu mshono.

Basi nikarudi Mbwera. Na hapa nikiri kosa, kwa sababu msije mkadhani nilionewa tu kama mwanakondoo. Nilijisifu. Nilijisifu mpaka nikapitiliza. Pale barazani karibu na msikiti, watu wamekaa wanapiga soga, mimi nasimama nasema, "Hii ni lenzi ileile ya darubini. Nyie mnatazama, mimi navuta." Wakacheka, wakanipa jina. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Bakari isipokuwa imamu wetu; somo aliniita somo, mke wangu Zuhura baba watoto. Wengine wote, Lenzi.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. "Lenzi, hebu tazama boti ya nani ile." Natazama, nataja rangi, nataja waliokaa, nataja aliyeshika usukani, wao wanaona kitone tu. Mpunga ukikaribia kuvunwa, ndege wakija kwa makundi mimi ndiye wa kwanza kuwaona. Nikajiona nina maana kijijini.

Kisha mambo yakageuka, na sikumbuki yalianza siku gani.

Lenzi ile ikipigwa na mwanga wa taa kwa pembeni, jicho linametameta kidogo, kama la paka. Watu wakaligundua hilo. Akina mama wakaanza kujitanda kanga nikiwa bado mbali, eti Lenzi anaona mpaka ndani ya nguo. Mvuvi mmoja akaniomba, kwa adabu kabisa, nisiwe natazama nyavu zake zinapoanikwa. Siku nyingine napita njiani, mama mmoja akamfunika mwanawe uso.

Mnaotoka pwani mnajua kumwambia mtu ana jicho maana yake nini. Hasidi huyo. Anatazama kitu cha mwenzie kinakufa. Mwaka mmoja kabla, yule mtoto hata angesimama hatua kumi nisingejua ni wa nani.

Nikimwambia somo, ananijibu, "Waache, somo. Watazoea." Na kweli yeye hakubadilika. Jioni tulikula pamoja kama kawaida, kwake au kwangu. Kwa hiyo nilikuwa na mtu bado.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Niwaeleze kitu kwanza. Najua wanazuoni wana kauli zao kuhusu mwezi, sitaki mjadala wa fiqhi humu, nasema ilivyokuwa msikitini kwetu. Mwezi wa kuanza kufunga, anatosha shahidi mmoja mwadilifu. Mwezi wa kufungua, yaani wa Idi, wanatakiwa wawili. Na uonekane kwa jicho tupu.

Hilo la jicho tupu lilikuwa na historia. Mwaka uliotangulia, nahodha mmoja wa boti ya kamba alikuja msikitini mbio na darubini shingoni, kasema kauona mwezi. Shehe Hamisi, imamu wetu, alimshukuru, akamwambia sisi tumeamrishwa kuona kwa jicho tupu, la darubini hatulipokei. Tukakamilisha thelathini. Hakuna aliyelalamika.

Sasa tarehe ishirini na tisa ya mwaka ule, mimi na somo tukapanda dungu lake. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga na nguruwe. Lake lilikuwa ukingoni mwa shamba, upande wa magharibi hakuna cha kukuzuia isipokuwa mikoko kwa mbali. Watu wengine walikuwa uwanjani msikitini, huko miti imewaziba.

Nilitaka sana niwe mimi wa kuuona. Sio kwa ajili ya pilau. Niliwaza hivi: kijiji kizima kikila sikukuu kwa neno langu, nani tena atamfunika mtoto nikipita? Watakuwa wamelikubali jicho langu mbele ya Mungu. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nayo kichwani pale juu.

Jua likazama. Tukafuturu kwa tende na maji. Mawingu yalikuwepo, lakini chini kabisa palikuwa na uwazi.

Nikauona.

Mwembamba, umekaa kama kipande cha ukucha uliokatwa, pembe zimeelekea juu. Nikanyoosha mkono.

Somo akafuata mkono wangu. Akasema, "Ehee. Ule pale, juu ya mkoko mrefu."

Tukakumbatiana. Niliteremka ngazi ya dungu mpaka nikachubuka goti.

Msikitini tulikuta wanasubiri kukimu swala ya magharibi. Tukaswali kwanza. Baadaye shehe akatukalisha mbele za watu, akaniuliza moja moja: ulikuwa upande gani, juu kiasi gani, pembe zimeelekea wapi. Nikajibu yote. Nikaona anatikisa kichwa, ameridhika. Watu nyuma wameanza kunong'ona kwa furaha.

Kisha akauliza lile swali la siku zote, analomuuliza kila shahidi. "Uliuona kwa jicho tupu?"

Hapo nilitakiwa kusema ndiyo. Neno moja. Lakini ni Ramadhani, niko msikitini, na mimi domo. Nikasema, "Shehe, kusema kweli, tupu si tupu. Lina lenzi ndani."

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nikacheka, nilidhani nimewachekesha.

Shehe hakucheka. Mzee mmoja pale nyuma akasema, "Si alituambia mwenyewe ile ni lenzi ya darubini." Na kicheko kikakatika.

Nikaanza kujitetea. Nikasema mbona wanaovaa miwani ushahidi wao mnaupokea? Shehe akanijibu kwa upole, "Miwani inavuliwa, Bakari. Mwenye miwani nikimwambia avue atazame tena, atavua. Wewe lako vua tuone."

Nimekaa na jibu lile miaka yote hii na mpaka leo sina la kusema. Kile kitu kilikuwa kimeshakuwa mimi. Nikivue nimpe nani?

Akamgeukia somo. "Na wewe Bakari? Uliuona mwezi kwa macho yako?"

Somo alitazama mkeka. Alifikiri, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Yeye ndiye alonionyesha, shehe. Kuapa siwezi."

Basi. Tukatangaziwa kwamba kesho ni thelathini, tunakamilisha.

Sikumkasirikia somo. Naomba mlielewe hilo. Niliamini kabisa kwamba pale juu alisema anauona ili kunifurahisha tu, na alipotakiwa kuapa akaogopa kuapa uongo. Nani atamlaumu mtu kwa hilo? Jicho lake ni la kawaida, halikuona. Langu la kiwanda ndilo lililoona. Nilisema moyoni, huu upweke ni wa jicho, haukuletwa na mtu.

Watu walipotawanyika shehe akanivuta kando.

"Bakari, umeuona?"

"Nimeuona."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akasema, "Basi kesho saumu kwako ni haramu. Jicho lako ni hoja juu yako. Juu yetu si hoja. Ule, lakini ujifiche, usiwatie watu fitina."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo shehe unaniamini?"

Akasema, "Nakuamini kwa ajili yako."

Nilirudi nyumbani nalo hilo neno. Nikamweleza Zuhura. Mke wangu hakuwa mkorofi, lakini alikuwa na watoto na majirani. Akasema, "Mie nafunga na watu, baba watoto. Ntakuchemshia mihogo. Kaile huko shamba, wanao wasikuone."

Asubuhi nikaondoka na kikapu. Ndani nimeweka mihogo, chupa ya chai, na kanzu mpya niliyoinunua Kibiti kwa ajili ya sikukuu. Njiani kila niliyepishana naye amefunga, ananisalimia kwa ile sauti kavu ya saumu. Nikaenda kwenye dungu langu mimi, sio la somo. Nikapanda, nikabadilisha nguo, nikavaa kanzu.

Nikaswali Idi peke yangu. Nikaleta takbira kwa kunong'ona, kwa sababu sauti husafiri kule mashambani. Mnaijua takbira ya Idi, wakuu. Ile kitu imetengenezwa kwa ajili ya watu wengi. Mtu mmoja akiinong'ona juu ya nguzo nne, inakuwa kama anajisemesha.

Nilipomaliza nikageuka kulia na kushoto kutoa salamu. Kulia mpunga, kushoto mpunga. Kisha nikakaa. Kwa desturi hapo ndipo watu wanapeana mikono, wanasameheana, watoto wanadai pipi. Mimi nilijishika mikono mwenyewe. Nasema kama ilivyokuwa, sioni aibu.

Nikala muhogo haraka haraka. Kula mchana wakati mkeo, wanao na mama yako mzazi wamefunga, hata kama una ruhusa, unajiona mwizi.

Kama saa nne hivi nikamwona somo anakuja kwa njia ya kati ya mashamba. Alikuwa mbali sana, mtu mwingine asingemjua. Mimi nilimjua kwa shati, na alipokaribia nikaona mpaka uso. Nikajua anakuja kwangu. Nilifurahi, nikasogeza kikapu nimpishe pa kukaa, nikakumbuka kwamba amefunga, nikakificha.

Akafika kwenye njia panda. Akainua macho akatazama dungu langu. Kisha akachepuka, akapita njia ya mtoni.

Jicho lile lilimwona vizuri mno. Nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyotamani ukungu wangu.

Alasiri ikaja boti kutoka Nyamisati, upande wa bara. Watu waliomo wamevaa nguo za sikukuu. Redio imetangaza tangu jana usiku, Dar Idi ni leo, Kibiti Idi ni leo, kila mahali watu wameshasali na kula. Sisi kijijini betri za redio zilikuwa zimekwisha wiki hiyo ya mwisho wa mfungo.

Watu wakafungua palepale ufukoni, kwa maji ya mtungi, huku wanacheka. Sala ikawa kesho yake.

Mlitegemea nini? Na mimi nilitegemea hicho hicho. Nikavaa kanzu yangu tena, nikaenda, nikakaa safu ya pili. Watu wakasema "redio imesema". Wakasema tena na tena, redio imesema. Hakuna hata mmoja aliyesema "Lenzi alisema". Redio yenyewe ni plastiki na waya, haijawahi kufunga hata siku moja, lakini ikapokelewa ushahidi wake. Shehe alinipa mkono kwa nguvu kuliko wengine, hilo siwezi kumdhulumu. Lakini juu ya mimbari hakunitaja.

Na kuanzia hapo nikawa naogopwa kweli. Maana sasa jicho limethibitika.

Somo tuliendelea kusalimiana. Kula pamoja kulikwisha bila mtu kusema kumekwisha. Leo ana kazi, kesho mimi nina kazi. Mwaka uliofuata nikahama. Nikachukua familia nikaja Kibiti, nikaacha boti nikawa fundi milango na vitanda. Hapa mjini nani ana habari na jicho lako? Mabasi yanapita, watu wa kila namna. Ilikuwa nafuu. Lakini kila mwaka, ishirini na tisa ya Ramadhani, watu wakitoka kuangalia mwezi, mimi huwa nabaki ndani. Zuhura aliwahi kuniuliza mara moja tu.

Sasa nafupisha miaka mingi hapa.

Miaka ya karibuni walikuja madaktari wa macho hapa Kibiti, huduma ya mtoto wa jicho. Wakuu, mngeona. Walishuka wazee kutoka delta nzima, boti kwa boti, kisha wanapakizwa bodaboda wamekumbatiana kiunoni. Wote wakawekewa lenzi. Wale wale. Yule mama aliyemfunika mtoto alikuwemo, sasa bibi kizee, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemleta, jitu zima lenye ndevu. Hakuna aliyeuliza kama ni halali. Ilikuwa imekuwa kitu cha kawaida, kama jino la bandia. Nilikaa kwenye benchi la nje nawatazama nikashindwa kujua nifurahi au nifanye nini.

Somo naye alikuja. Kazeeka, kakonda, jicho la kushoto jeupe kabisa. Nikamchukua alale kwangu, nisingeweza kumwacha alale kwenye korido ya watu. Zuhura akampikia wali.

Siku ya pili walimfungua kitambaa. Tukarudi tukakaa hapa hapa barazani. Akawa anatazama barabara kuu. Anasoma maandishi ya mabasi, "Lindi", anasema, "Masasi." Anacheka peke yake. Nilimwacha, nilijua yuko wapi.

Halafu akasema, "Somo. Siku ile mwezi nliuona."

Nikamwambia najua, nlipokuonyesha uliniambia.

"Siyo hivyo. Nliuona kabla hujanyoosha mkono. Nlikaa kimya nangojea uuone mwenyewe. Nlijua unavyoutaka."

Sikumwelewa mara moja. Ilibidi lifike taratibu. Kwamba aliuona mwanzo. Kwa jicho lake la kuzaliwa, tupu, lisilo na kitu ndani. Kwamba pale mbele ya shehe kulikuwa na shahidi ambaye hakuna mtu angemkataa. Idi bado ingetaka wa pili, lakini mihogo ile ningekula na mwenzangu.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukusema?"

Akajibu, "Walivyokucheka. Nliogopa nitabaki na wewe tu."

Wakuu, zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimemsamehe mtu kwa kosa ambalo sio alilofanya. Nilijipa moyo kwamba niliachwa peke yangu kwa sababu ya plastiki. Plastiki inaeleweka. Mtu anaweza kuishi na hilo, anasema mimi nimetangulia, wengine watafika. Kumbe plastiki haikuhusika. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeona nilichokiona, amekaa ubavuni kwangu, na alinipenda, na alichagua.

Na baya zaidi ni kwamba nilimwelewa. Kubaki na mimi tu. Mimi mwenyewe nilibaki na mimi tu, najua kulivyo.

Ilikuwa imefika saa ya dawa yake, yale matone wanayoagiza mara nne kwa siku. Nikatafuta miwani yangu ya karibu, maana hata la kushoto limeshachoka na uzee, bila hiyo chupa siioni. Nikamwambia inua kichwa. Akainua. Nikashika kope lake kwa kidole nikamdondoshea, moja, mbili. Akafumba. Yalimtoka maji mengi kuliko matone niliyoweka, nikampa leso.

Kesho yake nikampeleka stendi akapanda gari la Nyamisati. Aliponipa mkono alitaka kusema kitu, nikamwambia asisahau dawa. Mpaka leo tunapigiana simu kila sikukuu. Ananiuliza hali, namuuliza mvua. Hilo jambo hatujaligusa tena.

Nilichojifunza ni kidogo tu, na nimekilipia.

Mnabishana kama chip ni halali, kama ni haki, kama mwenye nayo aruhusiwe huku na kule. Bishaneni, ni vizuri. Lakini kitu cha kuwekewa mwilini kinazoeleka chenyewe, kipe muda, hata waliokuwa wanakukimbia watapanga foleni. Wa kwanza kukiweka ndiye anayeumia, na haumizwi na wanaompinga. Anaumizwa na yule mmoja anayejua kwamba anasema kweli, akatazama mkeka.

Kwa hiyo kama una rafiki ana kitu cha ajabu mwilini, mashine ya moyo, kifaa cha kusikilizia, hiyo chip yenu ikifika, naomba umwamini mbele za watu. Kumwamini faraghani hakumsaidii.

Nimemaliza. Waliowahi kuwekewa kitu na wakatazamwa vibaya, tuambieni yaliyowakuta. Na waliowahi kuwa upande wa somo yangu, mkanyamaza pale mlipotakiwa kusema, nawaomba ninyi hasa mwandike. Sitawatukana. Nataka tu kujua kama mlilala vizuri.